Tundu la Chini Kwenye Injini ya Baba

Nyumbani,
chumba cha nyuma ya gereji.

Tarehe 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Spoku,

Habari za huko? Wewe hujambo, na wenzio unaoishi nao hawajambo? Kifua chako je? Mara ya mwisho ulisema kinakubana kila baridi ikianza, nami nikakujibu unywe maji ya moto, jibu la mtu asiye na la kusema. Safari hii nauliza kwa dhati. Niambie kama umekwenda hospitali na wamekuonaje. Niambie pia kama bado u mwembamba kama spoku ya baiskeli tuliyokupa jina lake, au umeota kitambi cha ugenini.

Sisi huku tu wazima. Mama anatembea, ingawa jicho la kulia limekwisha kabisa na la kushoto linaona mwanga na vivuli tu. Mdomo haujapungua hata chembe. Juzi amemfukuza muuza sabuni mlangoni kwa kumpima sauti, eti ana sauti ya mwizi. Shemeji yako analalamika mgongo lakini bado anapiga rangi magari, na wapwa zako wanasoma vizuri isipokuwa yule wa katikati, ambaye amekurithi uvivu wa hesabu. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio sina, na sababu yake ndiyo barua hii.

Nimeianza mara nne. Mara tatu niliishia kwenye macho ya Mama, nikachana. Leo nimejifungia tangu asubuhi na nimewaambia mafundi kwamba atakayegonga mlango huu akatafute kazi kwingine. Basi nisome taratibu, mdogo wangu, na usiitupe kabla hujafika mwisho.

Nimelifungua gari la Baba.

Najua moyo umekupasuka. Lilikuwa palepale, chini ya turubai, tangu siku lilipovutwa kutoka kwenye ule ukuta wa ghala lilipogonga Baba akafa. Miaka kumi na saba tumelizunguka kama shimo la choo lisilo na mfuniko. Mafundi wapya wakiuliza, wenzao huwakonyeza wanyamaze. Mimi mwenyewe nilikuwa napita njia ya mbali, nimekumbatia makopo yangu ya oili, nisiguse hata kamba ya turubai.

Aliyenifanya nilifungue ni Mama. Tangu mwaka huu uanze, kila siku baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, anasema Baba amekaa garini. Hasemi kwa woga. Anasema vile mtu angesema mteja fulani amekuja. "Baba yenu yuko garini. Anauliza mbona haliwaki." Nikamwambia, Mama, ni upepo unapiga turubai. Akanijibu, "Kwani mimi niliolewa na upepo?"

Basi siku moja nikamshika mkono nikampeleka, nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Nikafunua turubai, nikafungua mlango wa dereva. Spoku, kiti kilikuwa kimebonyea. Vumbi lilijaa kila mahali, kwenye usukani, kwenye dashibodi, kwenye kiti cha pili, lakini pale alipokuwa akikaa Baba palikuwa pasafi. Nikasema ni paka. Nimemtafuta huyo paka wiki nzima, hata unyoya wake sijauona. Tena nilipogeuka tuondoke nikasikia ule mlio, wewe unaujua, tak, wa pedeli ya mafuta ikirudi juu baada ya mguu kuiachia. Nikaingiza mkono niisukume. Ilikuwa imeshikwa na kutu, haichezi hata kidogo. Mama akasema, "Si nilikwambia?"

Niliufunga mlango wa gari haraka. Palepale nikamwahidi Mama nitalitengeneza mpaka liwake, labda mzee wetu atapumzika. Niliyasema hayo kwa sauti mbele ya gari, kama ninayembembeleza mteja msumbufu.

Injini niliishusha kwa winchi. Unaikumbuka ilivyo: bloku yake ni aluminiamu, laini, ukizidisha nguvu kidogo tu meno ya tundu yanatoka yamejiviringisha kwenye bolti. Nilikuta matundu matano yamekufa, mengine bolti haimo kabisa, mengine inazunguka tu kama kijiko kwenye uji. Dawa yake ni ileile aliyotufundisha Baba. Unalipanua tundu kwa drili, unalikatia meno mapya mapana, kisha Kereza anakuchongea bushi ya chuma yenye meno nje na ndani. Ukishaipachika, bolti ya zamani inapata nyumba mpya. Kereza bado yupo, yule mzee wa mashine ya kukereza vyuma wa mtaa wa pili, na bado anaimba vibaya akiwa kazini.

Nilianzia mbele ya injini. Matundu mawili ya kifuniko cha mnyororo, mawili ya pampu ya maji, yote yakakubali. Ningeweza kumaliza kwa siku tatu, lakini kila siku nilijitafutia sababu ya kutofika upande wa kushoto. Mara drili imepata moto, mara mwanga hautoshi. Wewe unajua kuna nini upande wa kushoto. Ni ile mauntingi inayoishikilia injini isicheze, yenye bolti mbili tu, ya juu na ya chini.

Siku ya tano nikapiga moyo konde. Nikachukua brashi na mafuta ya taa, nikaanza kuosha ile grisi iliyoganda. Ilipotoka, nikaona njano.

Sheria ya Baba unaijua, lakini naiandika hapa ili yeyote utakayemsomea barua hii aelewe. Alitupa kila mmoja rangi yake. Yeye nyeupe, mimi nyekundu, wewe njano. Ukishaikaza bolti unavuta mstari mmoja mwembamba wa rangi, kuanzia kichwani mwa bolti mpaka kwenye chuma inachokishika. Bolti ikigeuka hata nusu kidole, mstari unakatika na kila mtu anaona. Na ilikuwa marufuku kupaka rangi yako kwenye bolti usiyoikaza kwa mkono wako.

Bolti ya juu ilikuwa mahali pake, na mstari wako mzima, haujakatika. Bolti ya chini haikuwamo, maana ndiyo iliyodondoka siku ile. Lakini kwenye chuma, ukingoni mwa tundu la chini, kulikuwa na nusu ya mstari. Njano, umenyooka, mwisho wake unaishia pale kichwa cha bolti kilipokuwa. Ulikaza, Spoku. Ulikaza na ukapaka, kama ulivyosema.

Nilikaa chini sakafuni kwenye oili. Niliona lile jambo lote upya, siku ya tatu baada ya mazishi, sebuleni, watu wamejaa mpaka barazani. Baba Mdogo amekusimamisha katikati kama mtuhumiwa. Alikuwa ameshakwenda kuangalia gari, akaona bolti ya chini haimo na mauntingi imepasuka. Akawaeleza watu kwamba injini ilinyanyuka, ikaivuta fimbo inayotoka kwenye pedeli ya mafuta, gari likazidi kukimbia huku mzee anahangaika na breki. Akakuuliza, "Uliikaza?" Ukasema, "Nimeikaza, Baba Mdogo, na rangi nimepaka." Akakuuliza rangi iko wapi, na wewe hukuwa na la kuonyesha kwa sababu bolti yenyewe ilibaki barabarani. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ukatazama huku na huku, ukanitazama mimi.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikainamisha macho, nawe ukaondoka na lawama hiyo.

Sasa nalisema. Lile tundu la chini nililiua mimi. Wiki tatu kabla ya ajali, wewe ukiwa bado chuoni, nilikuwa nakaza bolti ile nikaongezea bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Nikasikia ikilainika mkononi, na meno ya tundu yote yakatoka. Ningemwambia Baba, angenifokea kutwa moja, kisha angenipeleka kwa Kereza tukatengeneze bushi, basi. Lakini siku hizo alikuwa akiniita Fundi Mkuu mbele ya wateja. Alikuwa akiwaambia binti yangu huyu hakosei. Niliogopa kulipoteza hilo jina, ujinga mtupu.

Nikakata ukanda wa bati kutoka kwenye kopo langu la poda, lile la buluu lenye maua meupe. Nikauzungushia bolti, nikaipachika, ikashika. Wewe unajua Baba alivyochukia kutia bati kwenye tundu. Ndilo kosa pekee aliloweza kumfukuzia mtu kazi siku hiyohiyo. Nikajiambia nitalitengeneza vizuri yeye akiwa hayupo.

Halafu ukarudi likizo, na Baba akakupa wewe kazi ya kubadilisha mpira wa mauntingi. Uliifungua bolti ile, na bati lilibaki limenata ndani ya tundu kwenye grisi, hukuliona. Nilisimama kando yako nikaangalia unavyoirudisha. Ilishika mkononi mwako kama ilivyoshika mwangu. Nikakuuliza, "Umekaza vizuri?" Nilikuuliza hivyo nikijua, Mungu ananiona. Ukacheka ukasema mimi nina wasiwasi kama bibi kizee.

Miaka yote hii nilijifariji kwamba labda kweli hukukaza, kwamba mambo mawili yalikutana. Ndiyo maana sikuwahi kupitisha hata kitambaa pale. Dakika mbili za mafuta ya taa zingetosha kukusafisha wewe, nami sikuzitoa kwa miaka kumi na saba.

Bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Tundu lile lilikuwa limeharibika mno kwa drili ya mkononi, nikapeleka bloku kwa Kereza. Akaingiza sindano ndani, akavuta, kikatoka kipande cha bati kimekunjamana. Akakisugua kwenye aproni, akakipeleka dirishani. Buluu, na nusu ya ua jeupe. Kereza akaacha kuimba. "Shetani gani alitia bati humu?" akasema. "Bolti hii hata ikazwe na jini haikai. Inakudanganya mkononi, gari likitembea inajifungua yenyewe." Kisha akanitazama kwa huruma. "Ni yule mdogo wako, eh? Yule aliyeondoka?"

Nikasema, "Eeh."

Limenitoka hivyo, mara moja, bila hata kumeza mate. Siku ile ya sebuleni naweza kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, tena na msiba. Safari hii nina miaka thelathini na tisa, nina mvi, na hakuna aliyenishika koo. Nilitoka kwa Kereza bila kuaga. Nikapita sokoni, nikapita nyumbani, nikafika mpaka kituo cha mabasi bila kujua nakwenda wapi. Nilikuwa nawaza ile barua yako moja, ulimosema kitanda chako kimelegea unalala kimeinama, lakini hushiki spana tena hata ya kukazia kitanda. Niliisoma mwaka ule nikaikunja, nikaenda kumkazia mtu gurudumu. Mtu wa namna gani mimi?

Asubuhi yake nikarudi kwa Kereza nikamwambia ukweli wote. Akaizima mashine. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Mwisho akasema Baba aliwahi kumfukuza yeye kazi kwa kosa hilohilo la bati, zamani, kabla sisi hatujazaliwa, naye akamwona mkali bure. Akanitengenezea bushi, akanikabidhi bila kunitazama usoni. Nilistahili.

Jumamosi iliyopita nikawaita Baba Mdogo na Shangazi, sebuleni palepale, Mama akiwepo. Nilisimama pale ulipokuwa umesimama wewe. Nikawaeleza kama nilivyokueleza hapa, bomba, kopo la poda, rangi yako. Nilitegemea kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

Spoku, hawakunitukana. Baba Mdogo alikohoa, akafuta miwani, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo tulishayamaliza. Gereji hii inakutegemea wewe, na sisi sote tunaitegemea gereji. Watu wakisikia, nani ataleta gari lake hapa? Yule kijana alishaondoka. Ameshazoea."

Ameshazoea. Yaani kama vile mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Shangazi akatazama sakafu. Nami nakiri mbele yako kwamba kwa sekunde moja nilihisi nafuu, nikaona mlango umefunguliwa nitoke. Sekunde moja tu, lakini ilikuwepo, na sitaki nikufiche kitu tena.

Aliyeufunga mlango huo ni Mama. Aliinuka, akatafuta fimbo yake kwa kupapasa, akasema nimpeleke kwenye injini. Tulipofika akaniamuru nimwekee kidole kwenye rangi. Nikakishika kidole chake nikakiweka ukingoni mwa tundu. Akaupapasa ule mstari kwa ukucha, akaenda akarudi, akaenda akarudi.

"Alikaza," akasema. "Mwanangu alikaza."

Kisha akalia. Siku ya mazishi ya Baba hakulia vile. Nikapiga magoti nikamshika miguu, nikamwomba radhi, akaniambia nisimwombe yeye kitu chochote mpaka wewe useme. Tangu siku hiyo ananisemesha mambo ya chakula na dawa tu. Nimekubali.

Injini imerudi mahali pake. Jumanne tuliliwasha gari, likawaka kwa jaribio la pili tu, sauti yake ileile ya zamani, mafundi wakapiga makofi. Mama alisimama mlangoni akasikiliza mpaka nilipolizima. Nikamuuliza, haya Mama, mzee amepumzika? Akatikisa kichwa. Akasema, "Bado yumo. Hakuwa akiuliza habari ya gari, anamuuliza mwanawe."

Sasa namsikia hata mimi, mchana kweupe, kelele zote za gereji zikiwepo. Mafundi wanagonga mabati, redio inalia, na katikati ya hayo yote nasikia pedeli, tak. Nikigeuka hakuna mtu. Sitaki tena kumtafuta paka. Naogopa, mdogo wangu, ila nimechoka kuogopa kuliko ninavyoogopa.

Kwa hiyo barua hii ni yako, ifanyie upendavyo. Nimeweka sahihi yangu kila ukurasa. Msomee umtakaye. Ungamo lenyewe nililiandika kwa kifupi tangu juzi: nakala moja nimempelekea Baba Mdogo, na nyingine nimeibandika ukutani gereji, juu ya meza ya spana, kila mteja aione. Wawili wameshachukua magari yao na kuondoka. Waache waende.

Sikuambii unisamehe. Nakuambia tu jambo ambalo ningekuambia ukiwa umesimama pale sebuleni unanitazama: hukumuua Baba. Si wewe, haikuwa wewe hata siku moja. Ukiamka kesho, amka ukijua hivyo.

Wasalimie wote wanaokutendea wema huko, hata kama siwajui. Shemeji yako anakusalimu, amesoma ungamo la ukutani, na leo amekaa nje ya mlango huu tangu nianze kuandika. Wapwa zako watatu wanakusalimu, yule mvivu wa hesabu anauliza kama kweli wewe uliwahi kulala ndani ya buti la gari kukwepa mtihani. Shangazi naye alirudi jana peke yake, kwa kujificha, akasema nimwandike kwenye salamu. Kereza anakusalimu na anaomba radhi kwa alichokidhani.

Mungu akulindie kifua chako, akupe usingizi, na akuondolee kila usiku uliokesha kwa ajili yangu.

Mama amekataa niandike salamu zake kwa maneno yangu. Nimemfungulia mlango, amenisimamia hapa nayaandika kama anavyoyatamka: "Mwambie mimi mama yake nilikuwepo sebuleni na sikumtetea. Asinisamehe kwa barua. Aje aniambie usoni, maana macho yamekwisha lakini masikio bado ninayo."

Ni mimi nikupendaye, ambaye siku ile ndiye aliyetakiwa kuondoka,

Dada yako